Mashine Haikuwa na Tundu la Inategemea

Idarousse wa Mutsamudu alikuwa na miaka arobaini na sita, mke mmoja, binti mmoja, Mounira, aliyekwisha olewa, na suruali mbili za kazi. Na katika bangwe, uwanja wa mtaa wa Magoudjou, alihesabiwa mtoto. Msicheke. Hapo Moroni ndivyo mambo yalivyo: kwenye mabaraza ya mawe ya uwanja ule anasema mtu aliyefanya anda, ile harusi kubwa ya kulisha mji mzima ng'ombe na wali mpaka ukoo utoke jasho. Asiyeifanya, hata awe na mvi hadi kwenye nyusi, hukaa pembeni, na akikohoa watu humgeukia. Idarousse alikuja kutoka Mutsamudu, kisiwani Nzuani, kwa ajili ya kazi, akamwoa Zouhoura kwa chai na biskuti, akahamia nyumbani kwa mkewe kama ilivyo desturi. Basi bangweni kazi yake ilikuwa kupitisha kahawa.

Ofisini, hata hivyo, alikuwa mtu. Yeye ndiye aliyeendesha mashine ya kadi, lichuma refu kama kitanda cha bibi harusi. Unaipa kadi zilizotobolewa matundu, unazungusha kigurudumu cha namba kuchagua tundu gani litazamwe, kadi zinakimbia trrrr, kila moja inaangukia kisanduku chake. Ilikuwa ya kuhesabia watu, basi. Wafaransa walipoondoka baada ya uhuru walibeba walivyoweza, lakini ile ilishindikana kuteremka ngazi.

Ikaja kuteremshwa mwaka wa pili wa utawala wa Ali Soilih, vijana walipokabidhiwa mitaa. Kamati ya Magoudjou iliongozwa na Mouzaoir, kijana wa miaka ishirini, mwembamba, mpole, asiyekula cha mtu. Alikuwa na nia safi, na nawaambieni, hakuna kitu cha kuogopwa kama kijana mwenye nia safi aliyepewa mhuri. Alileta wanaume ishirini na wawili, wakabomoa ukuta mmoja, wakaiburuta mashine mpaka ukumbi wa kamati, ule uliofungua milango yake miwili kwenye bangwe.

"Wazee hawawezi kuamua haki," Mouzaoir alimwambia Idarousse. "Kila mmoja ana ukoo wake. Sisi vijana tukiamua, tunaambiwa watoto. Lakini hii haina ukoo, haina shemeji, haili pilau ya mtu. Itaamua yenyewe. Nimeipa jina: Akili Mpya."

"Bwana mdogo, hii inapanga kadi. Haki haijui."

"Itafundishwa."

"Na nani?"

"Na watu wote!"

Ndivyo ilivyokuwa. Mouzaoir alitunga maswali arobaini ya haki na batili, na Idarousse akatumwa nyumba kwa nyumba. Kila mtu mzima alikuwa na kadi yake: tundu la juu ndiyo, tundu la chini hapana. Mgogoro ukija, utatafutiwa swali unalofanana nalo, kigurudumu kitawekwa kwenye namba hiyo, kadi zote zitakimbia, na kisanduku kitakachojaa zaidi ndicho hukumu. Hakuna kupendelea, hakuna kukata rufaa.

Kasheshe ikaanza siku ya kwanza. Swali la saba liliuliza: kazi ya umma itangulie haja ya mtu mmoja? Watu wakajibu: inategemea. Kazi gani? Mtu gani? Swali la nne: mwenye njaa akila kisicho chake, asamehewe? Inategemea, amekula cha nani? Nusu ya Magoudjou ilijibu hivyo, na nusu nyingine ilijibu kwa hadithi ndefu ya shangazi. Swali moja tu, la kumi na tisa, halikupata shida: mtu asemaye jambo lenye faida kwake mwenyewe, asadikiwe? Wanawake wote walipiga kelele "Hapana!" kabla Idarousse hajamaliza kusoma, huku wakiwatazama waume zao.

"Mashine haina tundu la inategemea," Idarousse alilalamika.

Mouzaoir alifikiri sana. "Inategemea maana yake mtu hajakataa," alisema. "Weka ndiyo."

Basi Idarousse akakaa wiki tatu akitoboa ndiyo za watu ambao hawakusema ndiyo. Mlangoni Mouzaoir akabandika kanuni zake tatu. Ya kwanza: neno la Akili Mpya ni la mwisho. Ya pili: mlinzi wa Akili haondoki Moroni ila kwa hukumu ya Akili. Ya tatu: mlinzi akithibitika mwongo, afukuzwe siku hiyo hiyo na arudishwe kisiwani kwao kwa chombo cha kwanza. Idarousse alizisoma, akaitikia kwa kichwa, akaendelea kutoboa.

Siku ya kuzindua, Mzee Attoumane, mkubwa wa bangwe, mtu aliyechinja ng'ombe kumi na wanne kwenye anda yake na kuwataja wote kila Ijumaa, alisimama mbele ya mashine akaitazama juu mpaka chini.

"Hii nayo imefanya anda lini?"

"Mzee, anda imefutwa," akasema Mouzaoir.

"Sawa, imefutwa. Kwa hiyo haijafanya. Basi ni mtoto kama wewe, na mtoto hasemi bangweni."

Wakabishana siku nne. Asubuhi ya tano Idarousse alifungua ukumbi akakuta mashine imevishwa joho, lile vazi jeusi la mabwana lenye nyuzi za dhahabu, na juu yake kofia. Wazee walikuwa wamepita baada ya alfajiri, wakaipandisha cheo wenyewe, wapate kuitii bila aibu. Mouzaoir akalivua joho, akasema ni ukale. Wazee wakalirudisha. Mwisho ikawa hivi: kadi zikikimbia joho linavuliwa, lisiingie kwenye mikanda, hukumu ikisomwa linavishwa. Kuvua na kuvisha ikawa kazi ya Idarousse.

Kesi ya kwanza ilikuwa ya mbuzi. Maanrifa, mjane wa jirani, alikuwa na mbuzi jike mwenye tabia mbaya, aliyekula nusu ya kitambaa cha kamati, ile nusu yenye maandishi. Vijana wakataka mbuzi achukuliwe. Swali lilikuwa wazi, la kumi na mbili: anayeharibu mali ya umma aadhibiwe? Idarousse akainama juu ya kigurudumu. Akamwona Maanrifa amekaa sakafuni, ameishika kamba ya mbuzi kwa mikono miwili. Mbuzi huyo ndiye maziwa, ndiye sikukuu, ndiye mume. Mkono wa Idarousse ukazunguka wenyewe mpaka nne. Mwenye njaa akila kisicho chake, asamehewe? Trrrr. Ndiyo zikafurika. Joho likavishwa. Mbuzi akaachiwa.

"Lakini mbuzi si mtu," alinong'ona kijana mmoja.

"Akili imeona njaa, haikuona mbuzi," Mouzaoir akamjibu, na macho yake yaling'aa.

Tangu hapo, lahaula, Idarousse hakuacha. Mashine ilihesabu kwa uaminifu mtupu, hakuongeza kadi wala kupunguza. Yeye alichagua swali tu. Na aliyechagua swali alikuwa amekwisha hukumu, ila hakuna aliyemtazama mtu wa kigurudumu. Wote walitazama visanduku. Ndugu wawili wa Ikoni waliokuja kwa taksi kugombea kisima waliondoka wameshikana mikono. Mume mmoja aliyetaka kumwacha mkewe kwa sababu ya chumvi alipelekwa kwenye swali la thelathini na tatu, la subira, akarudi nyumbani kimya. Watu wakaanza kusema Akili ina huruma. Mzee Attoumane mwenyewe alisema, "Mtoto huyu kalelewa."

Na Idarousse alipenda. Tuseme ukweli, alipenda mno. Miaka kumi na tisa alipitisha kahawa na kumeza maneno. Sasa bangwe zima lilinyamaza likimsikiliza, na halikujua kwamba ni yeye. Jioni alikula vizuri, akalala fofofo.

Kisha mpagazi mmoja wa bandari ya Mutsamudu akamletea barua ya dada yake Saoudat. Ilikuwa na mistari michache.

"Kaka, mama amepooza upande wa kushoto. Hospitali wametuambia tukae naye nyumbani, kwa hiyo yuko hapa Hombo. Hawezi kugeuka kitandani. Namgeuza mimi, anasema mkono wangu si mkono wako. Kila mlango ukilia anauliza kama ni wewe. Usingoje mwezi mwingine, mwezi mwingine sijui."

Ilikuwa Jumanne. Boti ya mizigo ya Mutsamudu ilikuwa inaondoka Alhamisi adhuhuri, na baada ya hiyo hakuna aliyejua. Idarousse alikimbia na barua mkononi mpaka kwa Mouzaoir.

Kijana aliisoma mara mbili. Machozi yalimlenga. "Fundi, ingekuwa mimi, ningekupa karatasi sasa hivi. Lakini nikikupa mimi nitakuwa nimekupendelea, na nitakuwa sina tofauti na wazee. Tuiulize Akili."

"Akili gani, Mouzaoir! Mimi ndiye ninayeizungusha!"

"Ndiyo maana lazima tuiulize. Ukiondoka, nani ataizungusha?"

Nyumbani Zouhoura alikuwa anachambua mchele. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kuinua kichwa.

"Baba Mounira, kigurudumu ulichomgeuzia mbuzi wa Maanrifa, kwa mama yako kimeshika kutu?"

Idarousse akakaa. "Wewe umejuaje?"

"Miaka kumi na tisa nalala na wewe. Hilo lichuma limhurumie mbuzi? Mwenye macho haambiwi tazama."

"Kwa wale nilikuwa natafuta haki, Zouhoura. Sikuwa napata kitu. Sasa nikigeuza kwa ajili ya mama yangu, nitajuaje kama ni haki au ni mimi tu ninayetaka?"

"Hayo ni mawazo ya mtu anayelala ubavu autakao," Zouhoura alisema. "Mama yako analala ule aliolazwa."

 Idarousse alimpenda mama yake mno, na kwa sababu hiyo hiyo hakujiamini. Siku mbili hakula.

Alhamisi asubuhi bangwe lilijaa. Wazee kwenye mawe, vijana wamesimama, wanawake madirishani. Idarousse alivua joho, akalikunja, akasema kwa sauti ndogo: "Leo namba achague mwingine."

"Ishirini na tatu!" Maanrifa alipiga kelele kutoka dirishani, na mbuzi wake akaitikia. "Mzazi ni ishirini na tatu!"

Mouzaoir alipitia orodha yake kwa kidole, polepole. Mtu anataka kuacha kazi ya umma kwa haja yake mwenyewe. Hakutaka kumwonea, wala hakutaka kumpendelea. "Saba," alisema.

Mzee Attoumane akagonga bakora. "Kisichokuwa na mama kitaamuaje habari ya mama?"

"Mzee, ndiyo maana hakipendelei."

Trrrr. Idarousse alizisikia kadi akazijua moja moja, zile inategemea zote alizozitoboa ndiyo kwa mkono wake mwenyewe. Kisanduku kilijaa mpaka kadi zikamwagika sakafuni. Kazi itangulie. Mlinzi abaki. Joho likavishwa.

Hapo ndipo Idarousse alipofanya ambalo hakuwahi kulifanya maishani. Alipanda juu ya jiwe, katikati ya bangwe, akasema.

"Jamani, ni mimi! Mbuzi ni mimi. Kisima cha Ikoni ni mimi. Mashine haijaamua kitu tangu izaliwe. Mimi ndiye niliyekuwa nachagua maswali, kila mara, kama nilivyopenda moyoni mwangu. Kama huruma mliiona, ilikuwa yangu. Basi nihurumieni na mimi, mama yangu anakufa!"

 Wazee wote wakaanza kwa pamoja.

"Nani kamruhusu huyu kusema?"

"Kafanya anda lini?"

"Shuka kwenye jiwe!"

Upande wa pili vijana nao wakapaza sauti: anaikashifu Akili, anawavunja watu moyo, Akili haikosei. Miaka miwili wazee na vijana wa Magoudjou hawakukubaliana hata siku ya kuandama kwa mwezi. Siku ile walikubaliana. Na kibaya zaidi ni Maanrifa, aliyeshuka mbio akaja kumsimamia mbele.

"Mbuzi wangu aliachiwa kwa haki! Mbele ya watu! Leo unasema ulinionea huruma? Wakija kumchukua upya utanipa maziwa wewe? Mwongo mkubwa!"

"Nilikusaidia, Maanrifa."

"Sikukuomba!"

Mouzaoir aliinua mkono. "Akili imesema kweli mwaka mzima, au Idarousse anasema kweli leo. Yote mawili hayawezekani. Mimi siwezi kuamua, wazee hawataamua kwa haki. Iamue yenyewe. Fundi, maswali unayajua kwa moyo. Weka namba."

Idarousse akavua joho kwa mara nyingine. Bandarini boti ilipiga honi ya kwanza.

Swali lake lilikuwepo, la thelathini na moja: mtu akikiri kosa lake mwenyewe, asadikiwe? Ndiyo zilikuwa nyingi, alizikumbuka. Akiweka thelathini na moja, atasadikiwa. Na akisadikiwa, itakuwaje? Kila kesi itafunguliwa upya, mbuzi atachukuliwa, watu wa Ikoni watarudi na mapanga, na yeye atawekwa Moroni kujibu moja baada ya moja, mpaka mama yake azikwe na watu wengine. Lakini thelathini na moja ndilo swali la haki. Alilijua vizuri kama jina lake.

Akainua macho akaona kanuni ya tatu, pale mlangoni, kwa mwandiko safi wa Mouzaoir.

Mkono ukazunguka mpaka kumi na tisa. Mtu asemaye jambo lenye faida kwake mwenyewe, asadikiwe?

Trrrr. Hapana zikashuka kama mvua ya Machi. Hakukuwa na hata inategemea moja.

"Mwongo," akasoma Mouzaoir. "Akili imethibitisha. Fundi Idarousse, umefukuzwa. Utarudishwa Nzuani kwa chombo cha kwanza."

Idarousse alianguka magoti akalia, akalia kweli, mabega yakimtikisika. Wazee wakasema, tazameni, amejuta. Boti ikapiga honi ya pili. Vijana wawili wenye nguvu wakamshika huku na huku asije akatoroka, wakamkimbiza bandarini. Zouhoura alikuwa kwenye kona ya njia na mkoba, suruali ya pili imo ndani, na chupa ya mafuta ya nazi kwa ajili ya mgonjwa. Mkoba huo alikuwa ameufunga tangu Jumanne.

"Mwongo wee," akamwambia, akimfuta pua kwa ncha ya shiromani aliyojifunga. "Nenda. Nitakufuata na boti nyingine."

Vijana wakamsukuma ndani ya boti, wakabaki gatini wakilinda mpaka ilipotoka, wahakikishe adhabu imetimia.

Na mashine? Mouzaoir alimtafuta mlinzi mwingine, lakini kila aliyeletwa aliuliza swali lile lile: nitajuaje namba ipi? Hakuna aliyeweza kumjibu. Ikakaa na joho lake, ikavuta vumbi, na Maanrifa akapata mahali pazuri pa kufungia mbuzi.

Mutsamudu, Idarousse alipanda mpaka Hombo kwa miguu, hakungoja taksi. Mlango ulilia. Kutoka ndani sauti nyembamba, ya upande mmoja wa mdomo, ikauliza: "Ni yeye?"

"Ni mimi, mama."

Mama yake alikuwa amekwisha, amebaki macho. Macho yale yakamtazama. "Wamekupa ruhusa?"

"Hapana. Wamenifukuza. Wamesema mimi mwongo."

"Hilo wangeniuliza mimi," mama akasema. "Tangu mdogo. Saoudat akivunja chungu, unasema wewe. Lakini kujisemea mwenyewe ulikuwa hujui. Umejifunza lini?"

"Juzi."

Akamsimulia yote, amekaa ukingoni mwa kitanda, ameushika mkono ule usiohisi. Mbuzi, kisima, joho, kigurudumu. Mama alicheka kwa upande mmoja. Idarousse alipofika kwenye kesi yake mwenyewe akasita.

"Na mimi waliniweka swali la ngapi?"

"La saba, mama."

"Linasemaje?"

Aliona aibu kulitamka. "Linahusu kazi. Kwamba kazi itangulie. Kulikuwa na swali la wazazi, ishirini na tatu, lakini kijana alikuweka kwenye kazi. Nisamehe."

Mama alifumba macho. Idarousse akadhani amelala, au amekasirika, akaanza kulia tena kimyakimya.

"Kijana hakukosea," mama akasema. "Nimekulea miaka ishirini, nisijue mama ni kazi?" Akavuta pumzi. "Haya basi. Kazi hiyo itangulie. Nigeuze, ubavu unaniuma."

Idarousse akapitisha mkono mmoja chini ya bega na mwingine chini ya nyonga, akamgeuza.